MTOTO ANAPONYAMAZA



Katika ukurasa huu tumezoea kukukumbusha kofia, viatu vya kazi na maji yaliyochemshwa. Leo tunasema juu ya hatari isiyo na ubao wa onyo: mtu mkubwa anayemtumia mtoto kwa mambo ya mwili. Wengi wanaona haya kulitaja jambo hili. Mwenye kulitenda anaitegemea haya hiyo.

Usifikiri kwamba ni mgeni anayejificha njiani usiku. Mara nyingi mtoto anamjua: ni ndugu aliyefika kutafuta kazi na kulala kwenu, jirani, mwalimu, muhubiri, mara nyingine baba mwenyewe. Tuseme baba yuko kazi ya usiku, mama ameondoka mapema kwenda sokoni, watoto wanabaki na mjomba mpole. Anawapa biskuti, anawasaidia masomo, wazazi wanamsifu. Pole pole anachagua mmoja, anamzoeza siri ndogo, kisha siri kubwa. Mwishoni anamwambia: «Ukisema, mama yako atafukuzwa.» Ndiyo sababu mtoto hapigi kelele. Watoto wanaume pia wanatendewa hivyo, na wao wananyamaza zaidi.

Basi, angalia. Mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani anaanza tena. Analia tumbo kila asubuhi na munganga haoni ugonjwa. Anamkimbia mtu aliyempenda zamani. Ana franga ao nguo mpya, na haelezi zimetoka wapi. Anacheza mambo ya watu wakubwa yasiyo ya umri wake. Alama moja peke yake haihakikishi kitu. Mtoto anaweza kukojoa kitandani kwa sababu mdogo wake amezaliwa. Lakini maumivu anapokaa, damu ao usaha sehemu za siri, ni ya kupeleka hopitali siku ileile. Na ujue kwamba mara nyingi mwili hauonyeshi kitu chochote.

Anayefanya kazi chini ya udongo anapiga jiwe la juu kwa chuma na kusikiliza mlio wake. Mtoto naye umsikilize vile. Muulize mkiwa wawili tu, kwa sauti ya kila siku: «Kuna mtu anayekuogopesha?» Akisema, usimkatize, usimpige, usimwulize kwa nini hakusema mapema. Mwambie: «Ninakuamini. Si kosa lako.»

Kama jambo limetokea sasa hivi, usimwoshe, usifue nguo zake. Uzitie katika mfuko wa karatasi, mwende hopitali. Dawa ya kuzuia sida inapaswa kuanza kabla saa 72 hazijapita, maana yake siku 3. Ile ya kuzuia mimba inafaa mpaka siku 5, lakini mapema ni bora. Siku zikiwa zimepita, mwende tu, kwani kuna magonjwa mengine ya kutibu.

Sasa jambo linalotuchoma zaidi. Wazee wa jamaa wanakutana: mbuzi mmoja, franga kidogo, ao wanamwoza binti kwa mtu yuleyule, na wanasema maneno yamekwisha. Yamekwisha kwa nani? Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inasema anayemnajisi mtoto aliye chini ya miaka 18 anafungwa miaka 7 mpaka 20. Kama ni mzazi, mwalimu wake ao mwenye mamlaka juu yake, kipimo cha chini cha azabu kinaongezwa mara mbili. Mbuzi haifuti kosa hilo. Peleka mashtaka kwa polisi ao kwa parke.

Na kama mtu huyo analala kwenu, usimtume mtoto kijijini kwa nyanya yake eti apumzike. Ataona ndiye aliyefukuzwa. Usiku uleule, anayebeba godoro na kutoka ni yule mtu.