Hofu ya Mtihani wa Leseni ya Uuguzi na Wajibu wa Familia

Mwanafunzi wa uuguzi hupitia mitihani mingi, lakini ule wa leseni una uzito wa pekee. Mitihani ya chuo humuuliza kama amejifunza; huu humuuliza kama anafaa kukabidhiwa roho ya mtu. Anayeufanya aghalabu amekwisha kumaliza masomo yake, wazazi wamekwisha kumshukuru Mola kwa kuhitimu kwake, na majirani wamekwisha kumwita nesi. Hata hivyo, bila ya leseni hawezi kuifanya kazi hiyo kihalali.

Hapa Tanzania usajili na utoaji wa leseni uko mikononi mwa Baraza la Uuguzi na Ukunga, chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010. Kenya nao wana Baraza lao la Wauguzi. Kwa vijana wetu walioko Marekani, au wanaotaka kwenda kufanya kazi huko, mlango ni mmoja: mtihani uitwao NCLEX, ambao tangu mwaka 2015 unatumika pia Kanada. Makala haya yatautazama zaidi mtihani huo, kwa kuwa namna unavyoendeshwa huzaa wasiwasi ambao wazazi wengi hawauelewi.

Hofu haikai kwa mtahiniwa peke yake. Yumkini baba ameuza kiwanja kulipa ada, au mjomba amekopa. Kuna wadogo wanaongoja zamu yao ya kusomeshwa. Kijana anapoingia chumba cha mtihani huwa amebeba nyumba nzima mgongoni, naye analijua hilo hata kama hakuna aliyemwambia.

Hofu si upungufu wa imani

Mtu anapohisi hatari, mwili hujiandaa kukabiliana nayo. Moyo huenda mbio, viganja hutoka jasho, tumbo huvurugika na usingizi hukimbia. Jambo hili si ugonjwa. Mwaka 1908 wataalamu wawili wa Marekani, Robert Yerkes na John Dodson, walitangaza matokeo ya majaribio waliyowafanyia panya, na elimu ya nafsi imeendelea kuyarejea hadi leo. Mafunzo yake ni kwamba msukumo wa kadiri husaidia utendaji, lakini ukizidi huuharibu, hasa kazi inapokuwa ngumu. Kwa hiyo haifai mtahiniwa ajitaabishe kuiondoa hofu yote. Linalotakiwa ni kuirudisha kwenye kadiri yake.

Wapo wanaomkemea kijana anayetetemeka wakimwambia kwamba angekuwa na tawakkul asingeogopa. Kauli hii haina uadilifu. Mtume (s.a.w.) mwenyewe aliporejea kutoka pango la Hira, baada ya kushukiwa na wahyi kwa mara ya kwanza, alirudi nyumbani akitetemeka. Bibi Khadija (r.a.) hakumlaumu. Kwanza alimfunika mpaka hofu ikampungua. Kisha alimkumbusha mema yake: kuunga udugu, kubeba mizigo ya wanyonge, kumkirimu mgeni. Hatimaye alimpeleka kwa mwenye elimu, Waraqa bin Nawfal. Familia yenye mtahiniwa ina kigezo kamili katika hatua hizo tatu: utulivu, maneno mema, na ushauri wa mjuzi.

Mtihani usiomwonyesha mtu anaendaje

NCLEX hufanywa kwa kompyuta, na tangu mwaka 1994 kompyuta hiyo humchagulia kila mtahiniwa maswali kulingana na majibu yake. Akijibu sawasawa, huletewa gumu zaidi. Akikosea, huletewa lililo jepesi kidogo. Matokeo yake ni kwamba mwenye uwezo mkubwa na mwenye uwezo mdogo wote huelekea kupata takriban nusu ya maswali. Tofauti yao iko katika ugumu wa maswali waliyoyaweza. Kwa hiyo karibu kila mtu hutoka akiamini kwamba ameanguka, hata yule aliyefaulu vizuri. Mzazi akilijua hili hatashtuka mwanawe atakapopiga simu akilia.

Jambo la pili ni idadi ya maswali. Kwa utaratibu ulioanza Aprili 2023, mtahiniwa wa ngazi ya RN hujibu maswali yasiyopungua 85 na yasiyozidi 150, ndani ya saa 5. Kompyuta hufunga mtihani pale inapopata uhakika wa asilimia 95 kwamba mtahiniwa yuko juu ya kiwango cha kufaulu au chini yake. Anayefungiwa baada ya swali la 85 yaweza kuwa amefaulu wazi au ameanguka wazi. Anayefika 150 yaweza kuwa lolote kati ya hayo mawili. Kupiga ramli kwa idadi ya maswali, basi, ni kujitesa bure. Aidha, katika yale 85 ya mwanzo kuna 15 ambayo hayahesabiwi kabisa, kwani ni maswali yanayojaribiwa kwa ajili ya mitihani ijayo. Likija swali la ajabu ambalo halikufundishwa popote, huenda ni mojawapo ya hayo. Mtahiniwa alijibu na asonge mbele.

Maandalizi yanayopunguza wasiwasi

Hofu hustawi pale ambapo mtu hajui nini kinamngoja. Njia bora ya kuivunja ni kujibu maswali ya mazoezi kwa muda uliopangwa, katika hali inayofanana na ya mtihani, kisha kusoma sababu ya kila jibu, la sawa na la kosa. Utafiti wa elimu ya kumbukumbu umeonyesha mara nyingi kwamba kujiuliza na kujijibu hukaza elimu kichwani kuliko kuyasoma maandishi yale yale mara kwa mara. Aliyejibu maswali mia kadhaa nyumbani haoni ugeni anapokutana na mengine.

Usingizi nao ni sehemu ya masomo, kwa kuwa ndio wakati ambao ubongo hupanga yaliyosomwa mchana. Anayekesha usiku wa kuamkia mtihani huvuruga alichokihifadhi kwa miezi. Inatosha siku hiyo kuandaa kitambulisho, kuijua njia ya kufika kituoni, na kulala mapema.

Lipo pia zoezi dogo. Mwaka 2011 watafiti Gerardo Ramirez na Sian Beilock walitoa matokeo yanayoonyesha kwamba wanafunzi wenye hofu kubwa waliokaa takriban dakika 10 kabla ya mtihani wakiandika yanayowatia wasiwasi, walifanya vizuri kuliko wenzao ambao hawakuandika. Sababu iliyotolewa ni kwamba wasiwasi unaozunguka kichwani hula nafasi ya kufikiria. Ukiwekwa kwenye karatasi, nafasi hiyo hupatikana tena.

Onyo moja linawahusu wauguzi hasa, maana wao huzijua dawa. Asithubutu mtu kujipa mwenyewe kidonge cha usingizi au cha kutuliza mapigo ya moyo asubuhi ya mtihani. Dawa kama hiyo ni ya daktari kuandika, na siku ya mtihani si siku ya kujaribu jambo jipya mwilini.

Siku yenyewe

Ukaguzi kituoni ni mkali. Simu na vitu binafsi huwekwa nje, na kiganja hupigwa picha ya mishipa ili kumtambua mtahiniwa. Dada zetu wanaovaa hijabu wasome masharti ya kituo mapema ili ukaguzi usiwashtue. Mtahiniwa anaruhusiwa kupumzika, na kompyuta humkumbusha baada ya saa 2, kisha baada ya saa 3 na nusu. Lakini muda wa mapumziko huhesabiwa ndani ya zile saa 5. Aliye na hiari ya kuchagua saa achague miadi ya asubuhi na mapema, ili asigawanyike moyo baina ya swali na adhuhuri inayopita.

Moyo ukianza kwenda mbio katikati ya mtihani, aondoe mkono kwenye kompyuta, avute pumzi taratibu kwa pua, kisha aitoe kwa muda mrefu kuliko alivyoivuta. Mara tano au sita zatosha. Kutoa pumzi polepole huupunguza mwendo wa moyo, na mwili ukitulia akili huufuata.

Siku za kungoja

Watahiniwa wengi husema kwamba kungoja kulikuwa kuzito kuliko mtihani. Katika majimbo mengi ya Marekani matokeo yasiyo rasmi hupatikana kwa malipo baada ya siku 2 za kazi. Yaliyo rasmi hutolewa na bodi ya jimbo, na huweza kuchukua wiki kadhaa. Katika muda huo hupita uvumi mwingi. Mashuhuri zaidi ni ule wa kujaribu kujiandikisha upya ili mtu aone kama mfumo utamkatalia, eti kukataliwa ni dalili ya kufaulu. Hiyo si njia rasmi. Huzidisha mashaka, na huenda ikamtoa mtu fedha.

Familia nayo ijizuie. Swali la "vipi, umepita?" likiulizwa na watu kumi kwa siku moja huwa adhabu. Mtu mmoja tu wa nyumbani akabidhiwe kazi ya kuwajibu jamaa. Kijana apewe kazi ya mikono, atembee, awazuru wagonjwa, arudi kwenye darsa aliyoiacha wakati wa masomo.

Hapa lipo neno linalozihusu kamati za misikiti, ambazo mimi ni mtumishi katika mojawapo. Wazazi huleta majina ya watoto wao ili waombewe baada ya sala ya Ijumaa. Nia ni njema, lakini jina likishatangazwa, msikiti mzima huyangoja matokeo yake. Naona ni bora kuwaombea watahiniwa wote kwa jumla bila ya kutaja majina, na anayetaka kuombewa kwa jina amwendee imamu faragha. Mola anamjua kila mtu bila ya kipaza sauti.

Ikiwa hakufaulu

Kuanguka hutokea, nako hakufuti miaka ya masomo. Kwa NCLEX mtahiniwa huweza kurudia baada ya siku 45, akilipa tena ada ya dola 200 na kufuata masharti ya jimbo lake. Hupewa ripoti inayoonyesha ni maeneo gani alikuwa juu ya kiwango, karibu nacho, au chini yake. Ripoti hiyo ndiyo ramani ya masomo ya mara ya pili. Asirudi kusoma kitabu kizima tokea ukurasa wa kwanza kana kwamba hajui kitu.

Wiki ya kwanza si wiki ya hesabu za ada wala ya kumlinganisha na binti wa jirani. Aachwe ahuzunike, ale, alale. Neno la mzazi siku ile hukaa moyoni miaka mingi, liwe zuri au baya. Endapo wiki mbili zitapita hali hapati usingizi, hali chakula, amejitenga na watu, au anatamka kwamba heri asingekuwepo, basi apelekwe hospitali bila ya kuchelewa, wala asiachwe peke yake. Kumpeleka kwa daktari si aibu kwa nyumba ya Kiislamu. Nabii Musa (a.s.), katika dua yake iliyomo ndani ya Sura Taha, aliomba akunjuliwe kifua, na papo hapo akaomba apewe nduguye Harun awe msaidizi wake. Dua na msaada wa binadamu viliombwa pamoja, wala kimoja hakikukitangua kingine.

Mgonjwa atakayehudumiwa kesho na muuguzi huyu atahitaji mkono usiotetemeka na moyo wenye huruma. Vyote viwili vyaweza kujengwa sasa, kwa namna tunavyomtendea yeye mwenyewe katika siku za hofu yake.

Wabillahi tawfiq.