Tundu Moja Katika Bakuli la Bibi

Mibuyu yangu miwili ilikufa Januari, chumbani kwangu Selly Oak, na niliiua kwa maji. Haikukauka, ilioza. Nilipoivuta kutoka kwenye udongo, mashina yalitoka laini kama ndizi iliyolala, na udongo wa chini ulikuwa unanuka kinamasi. Vyungu nilivyoipandia vilikuwa vizuri kweli, vya kung'aa, vya bei nafuu kutoka Rag Market, na chini havikuwa na tundu hata moja. Mbuyu wa tatu ulinusurika kwa sababu ulikuwa kwenye kikopo cha plastiki cha mtindi, ambacho nilikitoboa kwa msumari wa moto siku niliyoishiwa na vyungu.

Nilipolalamika kwenye kikao chetu cha Februari kwamba vyungu vile "havina shimo," mwalimu mmoja alinirekebisha: havina tundu. Tukacheka, lakini alikuwa na haki. Shimo huchimbwa na lina kitako. Mtu hutumbukia shimoni. Tundu hupita upande wa pili, kama tundu la sindano au matundu ya pua. Vyungu vyangu, kwa hesabu hiyo, vilikuwa mashimo hasa.

Baada ya msiba huo nilikwenda Birmingham Botanical Gardens kule Edgbaston, bustani iliyofunguliwa mwaka 1832, ambamo umo mkusanyo wa taifa wa bonsai. Ambao hamjafika, nendeni. Neno lenyewe la Kijapani maana yake ni kupanda katika sinia, na masinia yale ndiyo niliyokwenda kuyatazama kuliko miti. Yana miguu mifupi, hayakukaa kitako juu ya meza. Chungu cha bonsai kilichotengenezwa na mfinyanzi anayejua kazi huwa na matundu makubwa ya maji, na mara nyingi vitundu vidogo vya kupitishia waya unaofunga mizizi ili mti usiyumbe.

Kwa nini chungu kifupi kihitaji matundu kuliko kirefu? Chukua sifongo ya kuoshea vyombo, iloweshe, ilaze juu ya kiganja mpaka iache kudondosha maji. Sasa isimamishe wima. Itadondosha tena. Maji ni yale yale na sifongo ni ile ile, kilichobadilika ni kimo. Udongo nao hushikilia maji chini kabisa, kiasi cha kina kile kile, chungu kiwe kirefu au kifupi. Katika sinia la sentimita tano, tabaka hilo laweza kuwa karibu nusu ya nyumba nzima ya mizizi. Mizizi inahitaji hewa. Bila tundu, hata hilo tabaka halibaki tabaka, linakuwa dimbwi. Na wale wanaoweka kokoto chini "ili maji yashuke" wajue kwamba wanalipandisha dimbwi karibu zaidi na mizizi. Nami nilikuwa mmoja wao.

Maji ya mji huu, kwa njia, yanatoka Bonde la Elan huko Wales. Tangu mwaka 1904 yanasafiri kilomita 118 hivi kwa mteremko mtupu, bila pampu. Yakifika chumbani kwangu nikayanyima sentimita mbili za mwisho!

Basi niliazima kekee ya betri na kununua ncha ya almasi ya milimita 12, ile iliyo wazi katikati kama bomba. Usitumie kekee ya waya wa umeme, kwa maana kazi hii ni ya maji. Chungu cha udongo mwekundu kisichong'arishwa hutoboka hata kwa ncha ya ukutani, hasa kikilala ndani ya ndoo ya maji usiku kucha. Kaure na vyombo vilivyochomwa kwa moto mkali vinataka almasi. Zima kile kitufe chenye alama ya nyundo, maana chombo hakivumilii kugongwa. Kigeuze kifudifudi juu ya mchanga wenye maji, ujae ndani na kukishika kila upande. Bandika utepe wa gundi mahali pa tundu ili ncha isiteleze, anza kwa kuiinamisha kidogo mpaka ikate alama ya mwezi mchanga, kisha iinue taratibu isimame wima. Mimina maji muda wote: yanapoza ncha, na yanazuia vumbi, ambalo lina silika na si la kuvuta puani. Usikandamize. Uzito wa kekee unatosha.

Bakuli la kwanza la mazoezi lilipasuka vipande vitatu. Nilikandamiza mwishoni, pale sauti inapobadilika na mtu anapoona amefika. Hapo ndipo pa kulegeza mkono. La pili na la tatu yalitoka salama.

Nilikuwa nafanya mazoezi kwa sababu ya bakuli la nne, na hilo halikuwa la sokoni. Ni bakuli la kaure la marehemu bibi yangu, pana na fupi, jeupe lenye ua la buluu katikati. Mama alinipa nilipokuwa naondoka Mombasa, nikalifunga ndani ya sweta. Hapa halijawahi kuliwa wali; lilikuwa likikaa juu ya kabati na mimi nikiliogopa.

Nilimpigia simu Jumapili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona sauti hiyo?"

Nikamweleza. Akanyamaza muda mrefu, nikasikia muadhini wa mtaani kwetu.

"Bakuli la mamangu wataka kulitoboa."

Nikaanza kujitetea kwa historia: kwamba pwani yetu mabakuli ya kaure yalipachikwa hata kwenye makaburi, kama lile la nguzo pale Mambrui, na hakuna aliyelalamika kwamba hayatiwi mchuzi tena.

"Hayo yalitiwa ukutani mazima," akasema. "Likishatobolewa halizibiki, wajua?"

"Najua, mama."

"Na huo mbuyu utaishi?"

Nikamwambia ukweli: kwenye kikopo cha mtindi hauwezi kukaa mwaka mwingine, mizizi imeshatokeza chini, kwenye bakuli lisilo na tundu utakufa kama wenzake.

"Haya. Lakini kile kitakachotoka usikitupe."

Nilitoboa mwezi wa Mei, mbuyu ulipoanza kutoa majani. Dakika kumi na moja kwa tundu la katikati, mikono ikitetemeka kwa baridi ya maji na kwa mengine, kisha vitundu viwili vya waya. Ukingo wa ndani ulibanduka kidogo, upana wa punje ya mchele, udongo umeuficha. Kwa kuwa bakuli lina pete ya kitako inayoziba maji chini, nimeliinua juu ya vigae vitatu vya lile bakuli lililopasuka. Juu ya tundu kuna kipande cha wavu, udongo ni wa chembe kubwa, na majani yakipukutika majira ya baridi sitamwagilia kabisa.

Kilichotoka ni kisahani kidogo kuliko kifungo cha shati, chenye kiini cha lile ua la buluu. Nilikifunga kwa pamba, nikakitia kwenye bahasha. Kimefika Mombasa wiki iliyopita. Mama amekiweka kwenye kisanduku cha hereni, na anauliza mbuyu una majani mangapi.