Dawa kabla ya kung'oa jino: Ni nani anayeihitaji?
JINO linapong'olewa, bakteria wa kinywani huingia katika damu. Kwa kawaida, kinga ya mwili huwaangamiza upesi. Lakini kwa aliyewekewa vali bandia ya moyo, au aliyewahi kupata maambukizi ndani ya moyo, wanaweza kujishikiza humo na kuhatarisha maisha yake.

Ndiposa mwongozo wa Marekani wa 2007 ukapendekeza watu wazima wa aina hiyo, pamoja na waliozaliwa na kasoro fulani za moyo, wapewe gramu 2 za amoksilini dakika 30 hadi 60 kabla ya matibabu.

Wengi hawahitaji kinga hiyo, na kumeza antibiotiki kiholela huzalisha bakteria sugu. Mgonjwa wa moyo amweleze daktari wa meno hali yake mapema, na iwapo penisilini humdhuru.