Mbunge wa Gitaza ni Nani?

Gitaza ni kituo kilichoko kando ya Ziwa Tanganyika, kusini mwa Bujumbura, katika tarafa ya Muhuta. Hapo milima imeacha nafasi nyembamba tu baina yake na maji, na katika nafasi hiyo hupita Barabara ya Taifa Namba 3 iendayo Rumonge. Mwezi wa Machi 2015 udongo uliporomoka kutoka mlimani, ukafukia nyumba na kuikata barabara. Kuanzia 2020 ziwa nalo lilipanda na kuimeza sehemu ya pwani. Wakazi waliofikwa na mambo hayo wana haki ya kuuliza ni nani aliyetumwa Bungeni kuwasemea.

Jibu lake si jepesi. Tarehe 5 Juni 2025 raia wa Burundi waliwachagua wabunge wao, lakini hawakumpigia kura mtu. Waliipigia orodha ya chama, na orodha moja ilihusu mkoa mzima, baada ya mikoa kupunguzwa kutoka 18 hadi 5. CNDD-FDD kilipata viti vyote 100 vilivyogombewa.

Hata hivyo, orodha hizo hazikubuniwa bure. Mwaka 1993 chama cha FRODEBU kilishinda viti 65 kati ya 81, na Melchior Ndadaye akawa Rais kwa kura za wananchi. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo huo aliuawa na wanajeshi, nchi ikaingia katika vita. Wingi wa kura peke yake haukuweza kuituliza hofu ya wachache, wala haukumlinda aliyechaguliwa na walio wengi. Ndiyo maana Katiba ya 2005, iliyoyafuata Mapatano ya Arusha ya tarehe 28 Agosti 2000, ilitaka Bunge lenye mizani: Wahutu asilimia 60, Watutsi asilimia 40, Watwa watatu, na wanawake wasiopungua asilimia 30. Katika kila majina matatu yanayofuatana kwenye orodha, mawili tu ndiyo yanayoweza kuwa ya kabila moja. Ni vigumu kuona jinsi mizani hiyo ingepatikana kwa kila tarafa kumchagua mtu wake mmoja.

Lakini anayeandika orodha ndiye mwenye mbunge. Jambo hilo lilidhihirika mwezi wa Juni 2008, Mahakama ya Katiba ilipowaondoa Bungeni wabunge 22 waliokuwa wamefarakana na CNDD-FDD, chama kilichowaingiza. Wapiga kura wao hawakuulizwa.

Ajabu ni kwamba enzi ya chama kimoja, ambayo haikuruhusu upinzani wowote, ilikuwa na jambo moja ambalo leo halipo. Katika uchaguzi wa 1982 wananchi wa Burundi waliwachagua wabunge 52 kutoka miongoni mwa wagombea wa UPRONA walioshindana wao kwa wao, na Rais akateua wengine 13. Nchini Tanzania mwaka 1965, wagombea wawili wa TANU walisimama katika jimbo, mmoja kwa alama ya jembe, mwingine kwa alama ya nyumba. Paul Bomani, aliyekuwa Waziri wa Fedha, alishindwa. Chama hakikutikisika, lakini mkubwa alijua kwamba watu wa jimbo lake wanaweza kumrudisha nyumbani.

Leo mtu wa Gitaza humchagua kwa jina lake mjumbe wa baraza la kilima, asiyesimama kwa tiketi ya chama. Huyo anajulikana, na mvua ikinyesha usiku mlango wake hubishwa. Ila hana kura katika bajeti ya Serikali, na kuta za kuzuia mlima usiiangukie barabara hujengwa kwa bajeti hiyo.

Kuna nchi zilizochanganya njia hizo mbili. Tangu 2002 Lesotho huwachagua wabunge 80 kwa majimbo na 40 kwa uwiano wa kura za vyama. Burundi inaweza kulipima jambo hilo bila kuivunja mizani ya Arusha, kwa kuwa viti vya uwiano vinaweza kusawazisha kile ambacho majimbo yamekipindisha.