Treni Ikiondoka, Nani Anabaki Katonga?

Alfajiri, mitumbwi inaporejea katika mwalo wa Katonga, kazi ya usiku ya wavuvi hukabidhiwa watu wa nchi kavu. Dagaa hupimwa, hununuliwa na kuanikwa. Katika shughuli hizo wamo pia watoto wa shule: huyu anachota maji kabla ya kwenda darasani, yule amembeba mdogo wake mgongoni. Katika mwambao wa Kigoma, mtoto wa miaka 11 hadi 15 hangoji kupewa majukumu, amekwisha kuyaanza. Linalovihusu vyuo vikuu vya tiba ni namna ya kuyafanya majukumu hayo kuwa shule ya uongozi na ya maadili ya kazi.

Wazo hili lina historia. Mwaka 1978, David Morley, daktari wa watoto, na Hugh Hawes, mtaalamu wa elimu, wote wa Chuo Kikuu cha London, walianzisha mpango wa Mtoto kwa Mtoto. Msingi wake ulikuwa jambo ambalo kila mama wa Ujiji analijua: mtoto mkubwa ndiye mlezi wa mdogo wake. Akifundishwa vema, anaifikisha afya mahali ambapo mhudumu hafiki kila siku.

Mfano wa pili uko jirani, kaskazini mwa mji wa Kigoma. Mei 1975, watu wenye silaha walivuka ziwa kutoka Zaire na kuwateka watu wanne huko Gombe, wakiwemo wanafunzi watatu wa Chuo Kikuu cha Stanford. Mateka waliachiwa baadaye, lakini watafiti wa kigeni waliondoka. Kumbukumbu za sokwe hazikukatika, kwa kuwa wasaidizi wa Kitanzania, wasio na shahada, walikuwa wamefundishwa kutazama, kupima na kuandika kwa uaminifu. Waliendelea na kazi. Mwaka 1991, Jane Goodall alikutana na wanafunzi 12 nyumbani kwake Dar es Salaam, na hapo ikazaliwa Roots & Shoots, ambamo vijana hujichagulia tatizo la mazingira yao na kulishughulikia wenyewe.

Funzo ni moja: uongozi haupatikani kwa kusikiliza hotuba. Hukua mtu anapoaminiwa kazi ambayo matokeo yake yanatumika.

Mwaka 2015, kipindupindu kiliwashambulia maelfu ya wakimbizi wa Burundi waliokusanyika Kagunga, katika mwambao huu huu. Maarifa ya kwanza ya kuokoa maisha yalikuwa machache: kuchemsha maji, kutumia choo, kunawa kwa sabuni, na kumnywesha mgonjwa maji ya ORS bila kuchelewa huku akipelekwa kituoni. Mwanafunzi wa darasa la sita anaweza kujifunza kwamba pakiti moja ya lita moja huchanganywa na lita moja kamili ya maji salama, na kwamba kuyazidisha au kuyapunguza maji hayo kunamdhuru mgonjwa. Huo ni umakini wa kitaaluma.

Anaweza pia kuandika kila juma ni ndoo ngapi za kunawia zina maji na sabuni, na kuisoma taarifa hiyo kwa heshima mbele ya wazee wa mtaa. Hapo atajifunza kutotia chumvi katika hesabu, na kutoitangaza sokoni habari ya ugonjwa wa jirani. Kuwahudumia wagonjwa wa kipindupindu kubaki kazi ya watu wazima.

Chuo nacho kina deni lake. Daftari la mtoto likifika na lisijibiwe, amefundishwa kwamba kazi yake haina maana. Ushirikiano wa kweli unahitaji mwalimu mlezi shuleni, mhudumu wa kituo cha afya anayesoma taarifa, na majibu yanayorudi kila muhula.

Mwanafunzi wa udaktari humaliza mafunzo ya vitendo akapanda treni kurudi Dar es Salaam. Mwanafunzi wa Katonga hubaki. Yeye ndiye wa kuachiwa ujuzi.