Mtihani Usiouliza Njia

Wahitimu wanaonijia hapa Ngaramtoni kutaka msaada wa mtihani wa GRE huanza karibu wote na neno moja: "Mwalimu, hesabu nimeziacha zamani." Ni watu wa kilimo waliofanya kazi pale kituo cha utafiti cha Selian, watu wa misitu waliosoma Olmotonyi, wauguzi, walimu wenzangu. Shahada wanazo, na nzuri. Wamekwisha kuandikiana na profesa wa Marekani, amewakubali, kisha chuo kinasema: tuletee alama za GRE. Vyuo vyetu vya hapa nyumbani huangalia zaidi vyeti na GPA, kwa hiyo mtu anaweza kufika umri wa miaka thelathini bila kuusikia mtihani huu.

Mimi huwajibu kwamba hesabu zinazoulizwa walishazisoma kufikia Kidato cha Nne: asilimia, uwiano, milinganyo, maumbo, wastani, uwezekano. Hata trigonometria haimo. Kinachowaangusha ni malezi. Sisi tumelelewa na mitihani ya aina nyingine kabisa, na anayetaka alama za juu lazima kwanza aone tofauti hiyo.

Fikiria pepa ya Hisabati ya Kidato cha Nne: maswali 14 kwa saa 3, na mwalimu amekukazania miaka yote kwamba uonyeshe njia, maana hata jibu likikosewa, njia ina alama zake. Katika GRE hakuna anayeiona njia yako. Tangu Septemba 2023 mtihani mzima umefupishwa, unachukua chini ya saa 2: insha moja ya dakika 30, maswali 27 ya lugha kwa dakika 41, na maswali 27 ya hesabu kwa dakika 47. Yaani swali moja la hesabu lina kama dakika moja na sekunde arobaini na kidogo. Hesabu na lugha kila moja hupewa alama kuanzia 130 hadi 170, insha kuanzia 0 hadi 6. Jibu sahihi ni sahihi, lililokosewa ni sifuri, lakini hakuna alama inayokatwa kwa kukosea. Kwa hiyo usiache swali wazi hata moja. Hilo nalirudia darasani kila Jumamosi, na bado wapo wanaoacha wazi kwa sababu dhamiri inawasuta kubahatisha.

Kuna aina moja ya swali ambalo huwapata hasa wahandisi. Unapewa vitu viwili, unaulizwa kipi ni kikubwa, na moja ya majibu ni "haiwezekani kujua kwa taarifa zilizopo". Mfano: x ni kubwa kuliko sifuri, kipi kikubwa, x au x mara x? Darasa zima hujibu x mara x. Jaribu 2, kweli. Jaribu nusu: nusu mara nusu ni robo, imepungua. Jaribu 1, zimelingana. Jibu ni kwamba haiwezekani kujua. Shuleni hatukuzoezwa kujibu hivyo. Swali lilikuwa na jibu, na mwanafunzi asiyelipata alikuwa hajasoma. Hapa kujua kwamba hujapewa taarifa za kutosha ndiyo akili inayopimwa. Kikokotoo kipo kwenye skrini, ila anayekikimbilia kila mara hupoteza muda. Mama anayeuza maharage siku ya gulio, bei ikipanda kwa asilimia 20 kisha ikashuka kwa asilimia 20, anajua bila kalamu kwamba haijarudi ilipokuwa. Makisio ya namna hiyo ndiyo ninayotaka wayarudishe kichwani.

Lugha ndiyo kazi kubwa. Sekondari tumesoma kwa Kiingereza, chuo vilevile, lakini tulichosoma hasa ni notisi: sentensi fupi, hoja zenye namba, za kukariri. GRE inakupa aya ngumu kuhusu historia ya muziki au tabia za nyuki, sentensi ina mistari minne na inageuka katikati. Kwa hiyo naanza na Kiswahili. Naandika ubaoni: "Ingawa alisifiwa kijijini kote kwa ______, majirani zake wa karibu walimjua kuwa mtu wa kulala mpaka jua lipande." Hakuna anayekosa, wote wanajaza "bidii", na wote wanaweza kueleza kwamba "ingawa" ndiyo iliyowaambia. Kisha nawapa sentensi ya Kiingereza yenye umbo lilelile, na hapo ghafla wanaacha kufikiri na kuanza kutafuta neno wanalolifahamu. Akili wanayo. Wanachohitaji ni kuizoesha ifanye kazi ileile katika lugha ya pili, na hilo halina njia ya mkato: kusoma kila jioni makala ndefu za mambo usiyoyapenda. Bwana misitu asome sanaa, muuguzi asome siasa ya karne ya 19. Msamiati utoke humohumo, pamoja na sentensi yake. Orodha ya maneno elfu ya kukariri usiku kucha naikataa waziwazi.

Kupiga msuli kwetu maana yake ni kufanya maswali mengi. Mimi nataka machache, ila kila ulilokosa liingie daftarini na sababu yake kwa maneno yako mwenyewe: sikujua, nilisoma vibaya, au muda uliniishia. Kijana mmoja aliyekuwa akilalamikia aljebra aligundua kwenye daftari lake kwamba aljebra anaijua vizuri. Alikuwa akitafuta x na kuijibu, wakati swali liliuliza mara mbili ya x. Dawa yake ilikuwa kusoma mstari wa mwisho wa swali kabla ya kuanza. ETS, wenye mtihani, hutoa bure majaribio mawili kamili yanayoitwa POWERPREP. Moja lifanye mwanzoni upime ulipo, la pili liweke hadi siku za mwisho.

Sasa mambo ya makaratasi, ambayo yamewaumiza watu kuliko hesabu. Jina utakalojisajilia lifanane na la pasipoti, herufi kwa herufi. Unaweza kufanyia nyumbani kwa kompyuta, lakini uwe peke yako chumbani, mlango umefungwa, bila karatasi za kawaida. Watakuruhusu kibao kidogo cha kufutika. Umeme ukikatika na intaneti ikaondoka nao, ni shida. Wengine huona heri waende kuufanyia kituoni Nairobi: barabara ya Namanga inapita hapahapa Ngaramtoni, na Nairobi ni karibu kuliko Dar es Salaam.

Ada ni dola za Marekani 220 hivi, fedha nyingi kwa mshahara wetu, kwa hiyo kabla ya kulipa iandikie idara unayoiomba uulize kama bado wanaidai GRE, maana nyingi zimeacha. Wakisema ndiyo, fanya mtihani Septemba. Maombi mengi ya Marekani hufungwa Desemba, kurudia kunaruhusiwa baada ya siku 21, na chuo utakachokiomba utakichagulia mwenyewe alama za siku ipi zipelekwe.