Moyo Mpya, Mshipa Uleule: Umuhimu wa Kupima Aota

Aota ni mshipa mkuu wa damu. Huanzia moyoni, hupita kifuani na kushuka tumboni, ukigawa damu kwa viungo vyote. Kwa mtu mzima, sehemu yake ya tumboni huwa na upana wa takriban sentimita 2. Ukuta wake ukidhoofika, hutuna kama tyubu ya baiskeli inavyotuna mahali palipochakaa. Upana ukifikia sentimita 3, huo ni ugonjwa unaohitaji kufuatiliwa.

Hatari yake ni ukimya. Mgonjwa aweza kulima, kusafiri na kulala vizuri asihisi lolote, hadi siku mshipa unapopasuka. Wengi wanaopatwa na hali hiyo hufariki kabla ya kufikishwa hospitalini.

Walio katika hatari zaidi ni wanaume waliotimiza miaka 65, hasa waliowahi kuvuta sigara, wenye shinikizo la juu la damu, na wenye ndugu wa damu aliyewahi kuugua ugonjwa huu.

Waliopandikizwa moyo nao wanahitaji uangalizi wa pekee. Upandikizaji huo ulianza Cape Town, Afrika Kusini, tarehe 3 Desemba 1967, na umeokoa maisha ya wengi. Hata hivyo, moyo mpya haubadilishi mishipa ya zamani. Aliyeharibikiwa moyo kwa sababu ya mishipa kuziba hubaki na aota ileile. Aidha, baadhi ya dawa anazotumia ili mwili usikatae moyo huo hupandisha shinikizo la damu, na uvimbe uliokuwa mdogo waweza kukua upesi.

Kipimo chake ni ultrasaundi ya tumbo. Hakiumi, na huchukua dakika chache. Uvimbe mdogo hupimwa tena kwa vipindi anavyopanga daktari. Kwa wanaume, ukifikia sentimita 5.5, kwa kawaida upasuaji hufikiriwa.

Wananchi wanashauriwa kupima shinikizo la damu katika zahanati iliyo karibu, kuacha sigara, na kumweleza mhudumu historia ya ugonjwa katika familia ili wapewe rufaa inapobidi. Maumivu makali ya ghafla ya tumbo au mgongo, yakiambatana na kizunguzungu, ni dharura: mgonjwa awahishwe hospitalini.

Aliyepangiwa kliniki asiache kuhudhuria kwa kuwa anajisikia mzima. Mshipa huu haulalamiki. Kipimo ndicho kinachousemea.